Hitilafu Waliyoiandika "Ndogo"

Siku yangu ya kwanza kazini nilirushiwa faili. Msicheke, ni kweli. Nilikuwa msichana, nimevaa buibui nililoazima kwa shangazi, nimepanda Kwale kule juu kuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, na kabla sijakaa kitini Karani Mkuu akarusha faili kutoka upande wa pili wa chumba. Likapita sikioni, likaniparuza ushungi, likaanguka miguuni pangu. Nikasema leo nimeingia kwa mwendawazimu.

Yeye hata hakuinuka. "Hilo limeandikwa 'haraka'," akasema. "Na hili hapa limeandikwa 'haraka'. Na hilo lililo chini ya kikombe changu nalo ni 'haraka'. Binti, kila faili lina mwenyewe, na kila mwenyewe anadhani dunia inamngoja yeye. Kupiga chapa utajifunza. Jifunze kwanza kujua ni lipi likilala leo mtu ataumia."

Nilijibu, "Ndiyo, bwana," nikaliokota, nikakaa. Sikuelewa kitu. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na nilielewa kwa uchungu. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi vijana mnaofanya kazi za kompyuta pale Ukunda, mnaodhani kazi hiyo ilianza na nyinyi.

Kutoka Kwale niliteremka Diani, nikaajiriwa mapokezi katika hoteli moja ya watalii. Huko ndiko nilikoiona kompyuta kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nzito kama gunia la nazi, na Meneja wa Mapokezi aliifunika kitambaa cha meza kila ilipozimwa, ati isipate mafua. Nilifunzwa kuingiza majina ya wageni, kutoa bili, na kuibembeleza ilipogoma. Meneja yule alikuwa na kanuni moja tu: anayepiga kelele ndiye anayehudumiwa. Siku moja programu ya vyumba iliwaweka watu wawili wasiojuana katika chumba kimoja, na asubuhi hiyohiyo mgeni mwingine akalalamika kwamba mto wake ni mgumu. Wa mto ndiye aliyekuwa na sauti. Wale wawili, watu wapole, walikaa mapokezi na masanduku yao mpaka mto laini ulipopatikana. Nikasema moyoni, loo, kumbe hata kwa wenye pesa zao uzito wa jambo hupimwa kwa koo la mwenye shida!

Miaka kama miwili kabla ya ule mwaka elfu mbili uliowatia watu kiwewe, niliondoka hotelini nikaenda kwenye zahanati moja ya hisani, ndani huko, njia ya kwenda Kikoneni. Jina lake sitalitaja. Ilishafungwa, na wengi waliokuwamo wametangulia mbele ya haki. Mkubwa wetu tulimwita Daktari Msimamizi. Alikuwa Mkristo, mtu wa bara, mtoto wa wale waliokuja kulima kwenye mashamba ya makazi yaliyogawiwa na serikali. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, lakini kazi aliifanya kama punda, Mungu amlipe.

"Mwanakombo," aliniambia siku nilipofika, "hii kompyuta tumepewa na wafadhili. Ikikufa, mimi na wewe tunakufa na yeye."

Nikamwuliza programu ya wagonjwa tutainunua wapi. Akanionyesha disketi, vile vibamba vya mraba vya kuhifadhia kazi ambavyo nyinyi mnaviona kwenye picha tu. "Hii imekuja bure," akasema. "Watu wa dunia mzima wanaiandika pamoja, kila mtu kwake. Ukiona makosa unawaandikia."

"Nani mwenyewe?"

"Hakuna mwenyewe."

Nilishtuka kuliko siku ya faili. Mimi nimetoka kwa Karani Mkuu, nimepita kwa Meneja, hata choo cha hoteli kilikuwa na msimamizi wake. Kitu kisicho na mwenyewe kitafanyaje kazi? Na kweli kilifanya. Programu ile ilikuwa nzuri, nisiikufuru. Uliingiza jina la mgonjwa, ikakupa namba yake, ikakuonyesha amekuja lini na arudi lini. Na kila wiki ilitoa orodha ya waliotakiwa kuja wakakosa. Orodha hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya kazi yetu. Dawa za kifua kikuu hunywewa miezi mingi, na mgonjwa hupata nafuu mapema kuliko anavyopona. Akishapata nafuu huziacha, maana zinamtapisha, na ugonjwa humrudia ukiwa na meno. Kwa hiyo muuguzi wetu wa nyanjani, Rashidi, alipanda baiskeli yake na orodha mkononi, akaenda nyumba kwa nyumba kuwauliza wasioonekana. Watu walimpenda kwa hilo. Kwetu mtu akikosekana huulizwa. Asipoulizwa, ameambiwa kwamba hana maana.

Basi siku moja ya soko nilikwenda Kikoneni kununua machungwa. Nikamkuta Bi Mishi amekaa nyuma ya fungu lake, mama mtu mzima ninayemheshimu, tunajuana tangu zamani.

"Shikamoo, Bi Mishi."

Akawa anayapanga machungwa yaliyokwisha kupangwa.

"Shikamoo, mama."

Jamani! Mimi sijawahi kunyimwa marahaba maishani mwangu. Hata mgomvi wako, shikamoo utaijibu kwanza ndipo umtukane. Nilisimama pale, wateja wananitazama.

"Nikuitikie nini?" akasema mwishowe, bila kuniangalia. "Kwani mwanangu ni kuku, Mwanakombo, akipotea hatafutwi?"

"Mwanao yupi?"

"Mwanasha. Huyo wa kifua. Ameacha dawa tangu mwezi wa mfungo. Mimi kila siku namwambia, 'Wa zahanati watakuja kukuuliza, utawaambia nini?' Rashidi anapita na baiskeli yake, anaingia kwa jirani, kwangu haingii. Mwisho mtoto akaniambia, 'Mama, kama ningekuwa bado mgonjwa wangekuja. Hawakuja, basi nimepona.' Nimjibu nini? Nyinyi ndio wenye elimu."

Sikununua machungwa. Nilifuatana naye mpaka nyumbani. Mwanasha alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, msichana aliyekuwa na mwili na mashavu, sasa mifupa ya mabega imetokeza juu ya leso. Aliponiona alijaribu kuinuka kwa adabu, akashindwa, akacheka kidogo kwa haya.

"Karibu, dada. Nilimwambia mama mtakuja."

Nilitoka uani nikalia. Kisha nikaenda kazini nikaifungua kompyuta kwa hasira, na nilichokiona kikanikausha machozi. Mwanasha hakuwa amekosa hata siku moja! Programu ilisema amekuja kila alipotakiwa, tena amepimwa uzito, tena tumbo linakua vizuri. Tumbo? Mwanasha wa kifua hakuwa na mimba.

Nikaketi, nikafikiri, nikaona. Mzee Hamisi, babu yake Mwanasha, alikuwa na wana wawili, Juma na Bakari. Kila mmoja alipozaa binti wake wa kwanza akampa jina la mama yao, kama inavyotakiwa. Mama yao alikuwa Mwanasha. Basi wakawapo mabinti wawili, mtu na binamu yake, Mwanasha Juma Hamisi na Mwanasha Bakari Hamisi, wa boma moja. Programu ile iliandikwa na watu ambao kwao jina la mwisho ni la ukoo na la katikati ni pambo. Ilichukua la kwanza na la mwisho, la katikati ikalitupa kama ganda la ndizi. Tarehe ya kuzaliwa? Huku kwetu enzi zile, asiyejua siku aliyozaliwa aliandikiwa tarehe mosi Januari, na wale wawili walilingana hata mwaka. Programu ikasema moyoni mwake, huyu namjua, ikampa wa pili namba ya wa kwanza. Wala haikulia, wala haikuzima, wala haikuandika neno. Kila Mwanasha wa Juma alipokuja kupimwa mimba, Mwanasha wa Bakari alihesabiwa amekuja.

Nilimwita Rashidi. Aliposikia alikaa chini sakafuni, mtu mzima, akashika kichwa. "Subhanallah, Bi Mwanakombo. Mimi nilikuwa napita mlangoni pao!"

Nikaandika barua ya kwanza. Hapa lazima niwaeleze mambo yalivyokwenda. Zahanati haikuwa na barua pepe. Niliandika kwenye disketi, Jumamosi nikashuka nayo Ukunda kwenye duka la simu, mwenye duka akaiunganisha modemu yake, ikapiga kelele kama paka wanagombana, barua ikaenda. Ilikwenda kwenye orodha, yaani barua moja husomwa na wote wanaoiandika programu, popote walipo. Na kila hitilafu iliyoripotiwa ilipewa vitu viwili. Kwanza uzito: ikitokea, madhara yake ni makubwa kiasi gani? Pili kipaumbele: itashughulikiwa lini? Uzito ulikuwa na daraja zake: Hatari, Kubwa, ya Kawaida, Ndogo, na chini kabisa Ombi, yaani kitu ambacho mtu anatamani tu, kikikosekana hakuna neno.

Jumamosi iliyofuata nikasoma jibu. Aliyejibu ndiye aliyepanga daraja, tulimwita Msimamizi wa Hitilafu.

"Uzito: Ndogo," aliandika. "Programu haianguki na data haipotei. Tumia tarehe ya kuzaliwa kuwatofautisha wagonjwa."

Ndogo! Nililisoma neno lile nikahisi kama nimemwagiwa maji baridi. Nikaandika palepale kwamba huku kwetu karibu wote tumezaliwa tarehe mosi Januari. Majibu yakaja wiki ya pili, na nusu yake yalikuwa vicheko. Mmoja aliuliza kama siku hiyo tunaandaa keki moja kubwa. Mwingine akasema kosa ni la karani anayeingiza majina vibaya. Mwingine, mstaarabu kidogo, akasema tatizo lipo lakini ni la nchi chache, basi liwe Ombi. Wakaishusha! Na kipaumbele wakakiweka "baada ya mwaka elfu mbili".

Mliozaliwa juzi hamjui hofu ile. Ilisemwa kwamba kompyuta ziliandika miaka kwa tarakimu mbili, kwa hiyo elfu mbili ikifika zitadhani tumerudi elfu moja mia tisa, na dunia itasimama. Daraja la Hatari lote lilijaa mambo ya elfu mbili. Nikashangaa mimi. Ugonjwa ambao bado haujaja umelazwa kitandani, na mgonjwa anayekata roho ameambiwa asubiri nje!

Nikaenda kwa Daktari Msimamizi nikidhani nitapata wa kunisemea.

"Mwanakombo, hiyo kitu ni mbaya, mimi nakubali," akasema. "Yule msichana tumemrudishia dawa siku ile ile. Lakini wafadhili wanataka karatasi ya elfu mbili. Wanauliza kompyuta iko tayari? Friji ya chanjo iko tayari? Hawaulizi mambo ya majina."

"Na wengine waliounganishwa kama Mwanasha, daktari? Wafadhili hawawaulizi, na sisi pia tusiwaulize?"

"Wewe unataka nifanye nini? Nikatae pesa? Zahanati ikifungwa, huyo Mwanasha atatibiwa na nani?"

"Nataka orodha ya mashine tusiiamini. Rashidi apite kila nyumba ya mgonjwa wa kifua, aliye kwenye orodha na asiye kwenye orodha."

"Kwa baiskeli moja?"

"Kwa baiskeli moja."

Alinitazama, akajifuta jasho. Kisha akavua funguo za pikipiki yake mwenyewe, akaziweka mezani. "Rashidi achukue hii. Mimi nitatembea." Sikutegemea. Mpaka leo nikisikia mtu anawasema vibaya watu wa bara, namkumbuka daktari yule akipiga mguu kwenye mchanga na mkoba wake.

Rashidi akazunguka, na alichorudi nacho kilitutia hofu. Walikuwapo wengine. Vijana wawili, watoto wa ndugu wawili, waliogeuzwa mtu mmoja. Majirani wawili wasio na udugu, ila babu zao walikuwa na jina moja. Wengi waliwahiwa. Mwanasha hakuwahiwa. Dawa alirudia kunywa kwa bidii, hata zilipomtapisha alikunywa tena, lakini mapafu yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa namtembelea. Siku moja aliniuliza, "Dada, mashine inajua sasa kwamba mimi si Mwanasha wa ami?" Nikamwambia nimewaandikia wenyewe. "Wamesemaje?" Nikamwambia wanajadiliana. Ningemwambia nini? Kwamba yeye ni Ombi?

Alifariki mwanzo wa mvua za vuli. Tulimzika kabla ya alasiri.

Kwenye matanga, binamu yake, Mwanasha Juma, alikuja kukaa karibu nami, mimba imeshuka, karibu kujifungua. Hakuna aliyekuwa amemlaumu. Akaniambia polepole, "Kumbe kila nilipokuja kliniki nilikuwa nazuia mwenzangu asiulizwe." Nilimshika mkono nikamwambia nyamaza, wewe huna kosa. Lakini maneno yale yaliniingia, na nikaondoka matangani nayo.

Jumamosi ile sikuandika kwa adabu. Nilimwaga yote. Niliandika: "Mlisema programu haianguki. Ni kweli, haikuanguka. Aliyeanguka ni mtu. Tumemzika. Mnaona haya kuandika Hatari kwa sababu mashine yenu ilikuwa inafanya kazi vizuri wakati inaua?" Nikaeleza majina, boma, tarehe mosi Januari, soko, marahaba niliyonyimwa. Nikamalizia kwa kumtaka Msimamizi wa Hitilafu anipe jina la mkubwa wake, nimshtaki. Nilimwona akilini: suti, tai, kiti kinachozunguka, karani anamletea chai.

Jibu lake ninalikumbuka neno kwa neno, kwa jinsi lilivyonishtua.

"Bibi, sina mkubwa. Mimi ni dereva wa basi la shule. Kazi hii naifanya nikishawarudisha watoto makwao, bila malipo, na hitilafu ni nyingi kuliko sisi. Nilipanga daraja kwa kuangalia kama mashine inasimama, maana basi langu likisimama ndipo najua ni bovu. Sikuwahi kufikiria basi linalokwenda vizuri huku limemwacha mtoto njiani. Nimebadilisha uzito. Lakini kubadilisha neno hakurekebishi programu, na mimi sijui kuirekebisha sehemu hiyo. Nani anajua?"

Dereva! Nilikaa kwenye kiti cha plastiki cha duka la simu, mdomo wazi, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Hasira yangu yote ilikuwa imekwenda kugonga mlango wa mtu mchovu kama mimi. Na hapo ndipo nilipoelewa maana ya kitu kisicho na mwenyewe. Maana yake hakuna wa kumshtaki. Maana yake pia hakuna wa kumngojea.

Waliobishana hawakunyamaza. Mmoja aliandika kwamba tusiendeshwe na machozi, kwamba kila nchi ikileta mila zake programu haitamalizika. Aliyemjibu hakuwa mimi. Alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Aisilandi, kisiwa cha barafu. Akasema kwao pia mtu hana jina la ukoo, ana jina lake na la baba yake tu, na kwamba yeye tangu awali aliitilia shaka sehemu ile akanyamaza kwa sababu kwao haikumdhuru mtu. Nikapigwa na butwaa tena. Mtu wa barafu anaitwa kwa jina la baba yake, kama sisi wa Kikoneni!

Tukaifanya kazi pamoja, mwalimu, dereva na mimi. Mimi nilitaka programu ilinganishe majina yote matatu, basi. Mwalimu akauliza, "Na wawili wakilingana yote matatu?" Nikafikiri, nikawakumbuka akina Juma Hamisi Juma ninaowajua mwenyewe. Alisema kweli. Kiraka, yaani kipande cha msimbo, yale maandishi yanayoiongoza programu, cha kuziba hitilafu, kikaandikwa hivi: programu ikiona majina yanafanana isiamue peke yake. Isimame, iwaonyeshe wote wawili, iulize, huyu ndiye au ni mwingine? Iulize kila mara, hata karani akichoka. Mwalimu aliandika msimbo, mimi niliujaribu kwa majina ya wilaya nzima niliyonayo kichwani, na mara mbili niliurudisha.

Kisha dereva akaandika tena. Alisema kila toleo jipya kabla ya kutoka hupitishwa kwenye majaribio: mashine hupewa wagonjwa wa kubuni na kuulizwa maswali yenye majibu yanayojulikana. Ikikosea jibu moja, toleo halitoki. Akataka jaribio la kwanza kabisa liwe la mabinti wawili wa boma moja. Akauliza kama anaweza kutumia majina yao wenyewe, na kama familia itaona vibaya nimwambie mapema. Na akaomba maneno ya jibu yawe ya kwetu, ya Kiswahili.

Nilikwenda kwa Bi Mishi. Sikwenda kwa furaha. Nilimweleza nilivyoweza, kwamba kabla programu haijaenda kwa wagonjwa wengine, popote duniani, mashine itaulizwa kwanza habari za Mwanasha.

"Itaulizwa nini?"

"Itaulizwa nani amekuja na nani hakuja. Ikisema Mwanasha Bakari amekuja, imekosea, inarudishwa."

Aliendelea kuchambua mchele. "Basi waiulize," akasema. "Jina la mwanangu si la kufichwa." Hakuniambia zaidi, wala mimi sikungoja zaidi.

Mwaka elfu mbili ukaja. Tulikaa na Daktari Msimamizi tukiitazama kompyuta kama tunatazama nyoka. Ilitoa tarehe mpya, ikaendelea. Friji ya chanjo ikaendelea kunguruma. Daktari akanitazama, akasema, "Hii ndio tuliogopa?" Akacheka, kisha akaacha kucheka, akaenda kumwona mgonjwa.

Nimestaafu siku nyingi. Mnaniuliza nimejifunza nini, nami si mtu wa mawaidha, lakini hili nitasema. Bado mnabishana kuhusu uzito na kipaumbele, nawasikia. Mnasema "haianguki". Mnasema "ni watumiaji wachache". Karani Mkuu, Mungu amrehemu na mafaili yake, hakuniambia niulize lipi lina kelele wala lipi limesimamisha mashine. Aliniambia nijue ni lipi likilala leo mtu ataumia. Na ukiwa hujui, basi mtume mtu akaulize.

Juzijuzi binti mmoja fundi, anayefanya kazi Ukunda, alikuja nyumbani kunitengenezea simu. Katika mazungumzo akanitajia programu anayoisaidia kuiandika akiwa na nafasi, ya wagonjwa, ya watu wa dunia nzima. Nikamwomba anionyeshe. Akaifungua kompyuta yake, akaendesha majaribio, mistari ikapanda mbio sikuweza kuisoma.

"Rudi juu," nikamwambia. "Wa kwanza kabisa."

Akarudi. Ulikuwapo. *Mwanasha Juma Hamisi: amekuja. Mwanasha Bakari Hamisi: hakuja. Aulizwe.*

"Huyo?" akasema yule binti. "Huyo tunamjua wote, bibi. Hakuna toleo linalotoka kabla hajaulizwa. Lakini hakuna anayejua ni nani. Wengine wanadhani ni jina la kubuni."

Nilimweleza. Alilia, nikamwacha alie, kisha nikamwambia anipeleke Kikoneni.

Bi Mishi sasa ni mtu mzima sana, macho yamepungua, anakaa barazani palepale. Yule binti akamsomea mstari ule kwa sauti. Bi Mishi akamtaka arudie, akarudia.

"Mwanasha ameulizwa tena leo," nikamwambia. "Shikamoo, mama."

Akanyoosha mkono akinitafuta, mpaka akanipata.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba."